Herufi Isiyochapa

Mashine yangu ya taipu haina m.
Ilivunjika mwaka ule lava iliposhuka hadi mjini,
nilipoikimbiza kichwani kuelekea Sake
nikaiangusha karibu na kituo cha mafuta.
Tangu hapo nikichapa *mimi* inatoka *i i*,
kama mtu aliyebanwa kidole na mlango,
nami hurudi baadaye na kalamu, kujaza.

Jina la Sengi halina m. Lilitoka zima siku zote.

Miaka kumi na tisa nilimfuata,
hatua mbili nyuma, upande wa kushoto,
Birere, Mapendo, Kituku, hadi juu Ndosho,
yeye akinusa, mimi na daftari na mwavuli.
Kesi za kuku. Kesi za hati za viwanja.
Maiti mmoja tu, naye alikuwa amejifia mwenyewe.
Usiku nilichapa; Jumamosi watu walinunua
kurasa tatu kwa franka mia mbili
wakasomeana kwa sauti pale kwa kinyozi.

Waliipenda akili ya Sengi.
Mimi ndiye niliyeinoa.
Niliandika, "Nikakuna kichwa." Sikukuna.
Niliandika, "Lakini umejuaje, Sengi?"
na jibu nilikuwa nalo tangu asubuhi,
limelala mfukoni pamoja na karanga.
Msomaji anataka mtu mmoja mzito wa kumpita njiani,
amcheke kidogo, kisha ageuke kumtazama shujaa.
Nilikuwa mtu huyo, na kazi si ndogo:
hebu jaribu kuwa mjinga kwa mpangilio,
ukurasa baada ya ukurasa,
bila hata mara moja kuteleza ukaonekana.

Halafu likaibwa sanduku la likelemba
la wanawake wauza sambaza, Kituku, mwezi wa mvua.
Sengi alichuchumaa kwenye changarawe nyeusi,
akapima mfuo wa chukudu kwa shibiri.
"Imekuja nyepesi, imeondoka nzito.
Na gurudumu lina pengo, tazama, kila hatua tatu.
Chukudu hii ni ya Muhindo."

Ilikuwa ya Muhindo, kweli.
Ila niliona nyayo kando ya mfuo,
kushoto, zote kushoto,
na Muhindo husukuma kwa mguu wa kulia;
goti lake la kushoto lina sugu ya ubao,
Goma nzima inalijua goti lile.
Nikafungua mdomo.
Sengi alikwisha kusimama, kidole kimeinuka,
wanawake wamenyamaza na mabeseni yao,
na sentensi ya mwisho ilikuwa imenijia tayari,
nzuri, ina mkia.
Nikafunga mdomo.
Saa tisa mvua ikafuta kila kitu.

Muhindo alikaa ndani miezi kumi na mmoja.
Kukosea alikosea Sengi.
Kuaminika kulitoka kwangu.

Ijumaa iliyopita tumemzika Sengi.
Watu wamenishika mkono kama mjane.
Leo asubuhi, mbele ya posta, foleni ya barua,
wa nne alikuwa Muhindo, mvi masikioni,
anataka ombi la kibali cha kuuza saruji.
Nilichapa. Akalipa. Hakuondoka mara moja.
Alisema, bila hasira, akikunja karatasi yake:
"Ile ya sanduku uliiandika vizuri.
Hata mama aliamini."

Sasa ni usiku na umeme umekatika.
Mshumaa, mashine, karatasi moja.
Nimeanza upya alasiri ile ya Kituku,
safari hii bila kukuna kichwa.
Nimechapa *Niliona*.
Imetoka safi, haikuhitaji kitu.
Nimechapa *Sikusema*.
Imetoka *Sikuse a*.

Kalamu iko hapa, karibu na mshumaa.
Bado sijaishika.